Namba ya Kinanda cha Babu

Mnunuzi alikuwa mama mmoja wa Masaki, Masaki ya Dar es Salaam na si ile Masaki yetu ya Kisarawe, na swali lake la kwanza halikuwa la bei. Alitaka namba ya piano, ile inayopigwa kiwandani. "Nitumie picha ya jina la kiwanda na ya namba," aliandika, "halafu ndiyo tuzungumze." Mama yangu aliisoma meseji ile, akavua miwani, akaniuliza tangu lini kinanda kikawa na namba, kwani ni gari?

Kinanda chenyewe kimesimama sebuleni kwetu Tumbi, Kibaha, tangu kabla sijazaliwa. Runinga iliwekwa juu yake, kitambaa cha kufuma kikawekwa juu ya runinga, na watoto wa nyumba hii wamekua wakijua kwamba lile ni kabati lisilofunguka. Na kweli halikufunguka, maana Babu alipofariki kifuniko cha vibonyezo kilifungwa kwa ufunguo, na ufunguo ukaondoka msibani mfukoni mwa Mjomba kwenda Kisarawe. Kinanda kikabaki kwa Mama, ufunguo kwa kaka yake, na hakuna aliyempigia mwenzake magoti.

Mama anasimulia hivi. Babu alikuwa karani wa stoo katika Kituo cha Nordic Tanganyika, kile kilichoanzishwa na Denmark, Finland, Norway na Sweden mwaka 1963, ambacho leo tunakiita Shirika la Elimu Kibaha. Kituo kilipokabidhiwa kwa serikali Januari 1970, wataalamu walianza kufungasha na kuuza vyombo. Wenzake Babu walirudi nyumbani na majokofu na baiskeli. Yeye alirudi na kinanda, juu ya trekta, kwa ajili ya binti yake aliyekuwa akiimba kwaya. Binti huyo ndiye Mama. Kwa hiyo kinanda ni cha Mama.

Mjomba anaiita hiyo porojo ya watu wa barabarani. Kwa hadithi yake, kinanda kilikuja kwa meli enzi za Mjerumani, kikapakiwa kwenye treni ya reli ya kati hadi Pugu, kisha kikabebwa mabegani hadi Maneromango, ambako wamisionari wa Berlin walikuwa na kituo tangu miaka ya 1890. Vita ya Pili ilipozuka na Waingereza wakaanza kuwakamata Wajerumani, mmisionari alikiacha mikononi mwa baba yake Babu, aliyekuwa mwalimu wa dini. Babu alikihamisha tu alipopata kazi Kibaha. Kwa hiyo ni mali ya ukoo, na mali ya ukoo hukaa kwa mtoto mkubwa wa kiume. Mama akifikishiwa maneno hayo huuliza swali moja: ni wanaume gani hao waliobeba kilo 200 na ushei kupandisha na kushuka vilima vya Pugu, na kwa nini hakuna hata mmoja aliyeacha mjukuu wa kusimulia?

Basi namba ilikuja kuwa zaidi ya namba. Ikionyesha miaka ya 1950, Mjomba hana la kusema. Ikirudi nyuma hadi kwa Kaiser, Mama ana kazi.

Kibaha na Kisarawe zinapakana kwenye ramani ya Mkoa wa Pwani, lakini msafiri wa kawaida anayetaka kutoka moja kwenda nyingine huteremka kwanza hadi Dar es Salaam, akashika Barabara ya Nyerere, akapita Gongo la Mboto na Pugu, ndipo apande tena. Nilimkuta Mjomba chini ya mkorosho wake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuniona, au umekuja kufuata ufunguo?"

Nilijua sitapewa. Mjomba alisoma Minaki, shule ambayo Waanglikana wa UMCA waliihamishia huko Kisarawe kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925, na mimi sijakutana na mtu wa Minaki aliyekubali kushindwa hoja kabla haijaanza. Alisema ufunguo hautoki bila yeye. Kesho yake tuliondoka naye, ufunguo ukining'inia shingoni kwa kamba ya katani, fenesi zima ndani ya kiroba, na rafiki yake Mwalimu, mstaafu aliyefundisha muziki na ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyetazama afya ya vinanda vya makanisa ya upande ule. Mwalimu alibeba mkoba wenye bisibisi, brashi ya rangi na tochi. Ndiye mtu pekee katika kisa hiki aliyejua anachofanya.

Ufunguo uliingia lakini haukuzunguka mpaka tulipoutia mafuta ya cherehani. Kifuniko kikanyanyuka. Vibonyezo vilikuwa vimeiva manjano, na mahali ambapo jina la kiwanda hukaa, kwa herufi za dhahabu, palikuwa peupe. Wote tulimgeukia Mama. Alipokuwa msichana ndiye aliyekuwa akikipangusa kila Jumamosi, kwa mafuta ya taa, na kwa juhudi. Kilichobaki ni vumbi la dhahabu na mchoro wa nishani mbili, moja haisomeki, nyingine ikisomeka vizuri: Paris 1889.

"Elfu moja mia nane themanini na tisa!" Mjomba alisimama. "Mwaka wa vita vya Abushiri! Mjerumani huyo hapo!"

Mwalimu alimwomba akae. Hiyo, alieleza, ni nishani ya Maonyesho ya Paris, yale yale waliyojengea Mnara wa Eiffel. Kiwanda kikishinda nishani kinaichapa kwenye kila kinanda kwa miaka na miaka, kama soda zinavyochapwa alama ya mashindano ambayo waliocheza wameshazeeka. Haisemi kinanda kilizaliwa lini. Mjomba alikaa, lakini 1889 aliiandika kwenye daftari lake, akaipigia mstari.

Ndipo nilipojifunza kwamba kinanda kimoja kina namba nyingi kuliko familia yenye laini tatu za simu kila mtu. Tulinyanyua mfuniko wa juu, Mwalimu akafungua vishikizo viwili vya mbao, bapa la mbele likatoka. Lilitoka na kiota cha panya: manyoya ya kondoo yaliyong'olewa kwenye nyundo ndogo zinazogonga nyuzi, maganda ya korosho, na magazeti yaliyotafunwa. Mama alitaka kuvizoa vyote na kutupa. Mwalimu akasema ngoja, weka kwenye beseni.

Kwenye fremu ya chuma, ile inayobeba mvutano wa nyuzi zote, mvutano wa tani kadhaa, kulikuwa na tarakimu zilizovimba kutoka kwenye chuma chenyewe. Nilipiga picha, nikaituma Masaki. Jibu: hiyo ni ya waliosubu chuma, si ya kinanda. Kwenye mtambo wa nyundo kulikuwa na namba nyingine iliyogongwa kwenye mbao. Jibu: hiyo ni ya kiwanda cha mitambo, kilichouzia viwanda vingi vya piano. Kulikuwa na namba kwa penseli, kulikuwa na namba kwa wino, na kila moja Mjomba aliiita kwa sauti na kuiandika, kama msimamizi wa kura.

"Na hata tukiipata," Mwalimu alisema akifuta jasho, "bila jina la kiwanda ni bure. Kila kiwanda kinahesabu vyake. Wengine hata hawaanzii moja. Steinway wa New York, walipoanza mwaka 1853, kinanda chao cha kwanza walikipa namba 483." Wajuzi wanacho kitabu kinachoorodhesha viwanda na namba za kila mwaka, lakini lazima uwaambie wafungue ukurasa wa nani. Mama alitazama dirishani.

Mwalimu alihisi namba iko nyuma, kwenye mbao za mgongo. Lakini nyuma kuna ukuta, na kinanda hakijaondoka pale ukutani tangu nyumba ipigwe lipu. Nguvukazi yetu ilikuwa Mjomba, Mwalimu mwenye kiuno, na mimi.

Hapo ndipo jirani yetu, bwana nyama mstaafu, alipochungulia mlangoni kuuliza kelele za nini. Alikaribishwa, akaviona vibonyezo, akavaa miwani. Mzee huyu alikuwa kazini mwaka 1989 wakati wa Operesheni Uhai, jeshi na polisi walipoingia mbugani kupambana na majangili, na mwaka huo huo dunia ikakubaliana huko Lausanne kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu. Tangu astaafu hajapata cha kukamata.

"Jamani," alisema taratibu, "mnajua mnakaa na nyara za serikali?"

Sebule ilinyamaza. Na maelezo aliyotoa yalikuwa ya kweli, hilo lazima niliseme. Njia ya misafara iliyoishia Bagamoyo, humu humu mkoani kwetu, ilishusha pembe kwa miaka mingi. Zikavushwa Unguja, na sehemu kubwa ikaenda Marekani, Connecticut, kwenye viwanda vya Deep River na mji uliopewa jina la pembe hizo hizo, Ivoryton. Huko zilipasuliwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani chini ya vioo mpaka ziwe nyeupe, zikabandikwa kwenye vibonyezo vya piano. Yawezekana kabisa, alisema, ndovu akafia bara, akapita Pwani akiwa begani mwa mtumwa, akazunguka dunia, akarudi Kibaha kuchezewa na watoto. Kibali mnacho?

Mama, mwanamke ambaye hajawahi hata kupitiliza ada ya taka, aliomba maji. Mjomba, ambaye dakika chache kabla kinanda kilikuwa mali ya ukoo wake, aliuliza kwa upole kama kesi inamhusu mwenye kinanda au mwenye ufunguo.

Mwalimu aliinama na tochi. Pembe, alisema, hubandikwa vipande viwili kwa kila kibonyezo, na ukiangalia vizuri utaona ufa mwembamba kama unywele mahali vinapokutana. Hapa sioni ufa. Pia pembe ina mistari ndani yake, na hapa hakuna. Bwana nyama alisema macho yake hayaoni ufa wala kukosekana kwa ufa. Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha nne na anachukua sayansi, akasema kuna njia ya kupima: sindano ya moto. Pembe haiyeyuki. Kabla Mwalimu hajamaliza kusema "Hapana, usi—" sindano ilikuwa imeshatoka kwenye jiko la gesi na imeshagusa kibonyezo cha mwisho kulia.

Ilisema psss. Ikazama. Moshi mwembamba ukapanda, na harufu ikatandaa sebuleni, ukumbini, mpaka uani. Mwalimu alikigandamiza kibonyezo kwa kitambaa kilicholowa huku akimgombeza kijana: ile ni seluloidi, plastiki ya kale, jamaa wa baruti, ungetuchomea nyumba! Lakini habari njema: si pembe. Bwana nyama alivua miwani, na sikuweza kujua kama alifurahi.

Tatizo lilikuwa harufu. Seluloidi hutengenezwa kwa kuchanganya pamba iliyotiwa asidi na kafuri, na kafuri ndiyo karafuu maiti. Kwa Mswahili yeyote wa Pwani harufu hiyo ina kazi moja tu. Bibi, mke wa pili wa Babu, ambaye kuhusu kinanda husema tu "mimi nilikikuta" na hataki kuulizwa zaidi, alikuwa amelala chumba cha uani. Aliamka, akanusa, akasikia sebuleni sauti nyingi za watu wazima na mtu akigombezwa, akajumlisha.

"Innalillahi! Nani? Ni nani jamani, mbona mnanificha?"

Bibi ana sauti. Ukuta wetu na wa jirani una tundu la hewa. Tulipomkalisha na kumweleza kwamba aliyeungua ni kinanda, mama wa nyumba ya pili alikwisha kujifunga kanga na kutoka, akawaambia wa nyumba ya tatu, na harufu ilikuwa bado inatoka dirishani kuthibitisha. Mama wawili waliingia wamejitanda, wakamkumbatia Mama yangu na kulia. Mama, aliyekuwa bado hajapona hofu ya nyara, akalia nao. Vijana wa kijiweni wakaja na sura za kazi. Mjumbe akaja. Mwenye bodaboda akasimama getini kuuliza turubai lishushwe wapi.

Mjomba ndiye aliyeokoa jahazi. Alisimama kwenye baraza, akawashukuru wote kwa moyo wao, akawaambia hakuna maiti ila kuna mzigo mzito, na kwa kuwa wanaume wameshafika... Basi waliokuja kuchimba kaburi wakavua viatu, wakaingia sebuleni, wakakizunguka kinanda cha Babu. Moja, mbili, haya!

Kilitoka. Magurudumu ya shaba yalikuwa yameganda kwa kutu ya miaka, kwa hiyo hakikubingirika, kilikwaruza. Kigae cha kwanza kililia, cha pili kikapasuka, cha tatu na cha nne vikafuata mstari. Vilikuwa vigae vipya, vya mfano wa marumaru, ambavyo Mama alivilipia kidogo kidogo kwa fedha za mchezo.

Nyuma, kutoka sakafuni hadi nusu ya mgongo, mchwa walikuwa wamepandisha vichuguu vyao vya udongo. Mwalimu alivikwangua kwa brashi. Chini yake, kwenye mbao nene ya juu, zikatokea tarakimu zilizogongwa kwa chuma cha moto: 2, 7, kisha tundu la mchwa, kisha 4, 1. Tundu liliingia kidole.

Kimya. Halafu Mwalimu akaenda mbele, akachomoa kibonyezo cha kwanza kabisa kushoto, kile cha sauti nene kuliko zote, akakigeuza ubavu na kukimulika. Namba ile ile, ndogo, nzima. Waliotengeneza vinanda, alisema, hawakutaka vibonyezo vya kinanda kimoja vichanganyike na vya kingine. Vijana wa kijiweni walipiga makofi. Mama mmoja aliyejitanda alipiga kigelegele, kisha akakumbuka.

Jina nalo lilipatikana kwa njia hiyo hiyo ya brashi na subira. Tulitoa bapa la chini, karibu na pedali, na kwenye fremu, chini ya ukoko wa vumbi na mkojo wa panya, kulikuwa na herufi za kuvimba: jina la kiwanda, ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa Mama bado ana matumaini ya kuuza, na chini yake LEIPZIG. Nilituma picha zote mbili Masaki. Jibu lilichukua muda wa chai kuchemka. Kilitengenezwa kati ya mwaka 1910 na 1913.

Mjomba hakusema neno. Alitembea sebule nzima mikono nyuma, akipiga hatua juu ya vigae vilivyopasuka. Leipzig. Kabla ya Vita ya Kwanza, Mjerumani akiwa bado Dar es Salaam, reli ikiwa imeshapita Morogoro. "Kama mna la kuongeza," alisema mwishowe, "ongezeni."

Mama aliongeza. Alikwenda kwenye beseni la kiota cha panya, akaanza kutandaza vipande vya gazeti mezani kimoja kimoja, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Maandishi yalikuwa na herufi a zenye kiduara kichwani na herufi o zenye vitone viwili. Kijana wetu wa kidato cha nne alitafuta kwenye simu: Kiswidi. Mwalimu naye, alipoulizwa, alikiri jambo alilokuwa amenyamaza nalo. Vinanda vilivyotengenezwa mahsusi kwa nchi za joto vilikazwa kwa skrubu za shaba, na manyoya ya nyundo yakafungwa kwa waya, kwa sababu gundi haistahimili unyevu wetu. Hiki kimegandishwa kwa gundi tupu. Kilitengenezwa kwa ajili ya sebule ya baridi.

"Mmisionari gani wa Berlin anasoma gazeti la Kiswidi?" Mama aliuliza.

"Mmisionari maskini anayenunua kinanda cha bei rahisi," Mjomba alijibu, "na panya wa Kibaha anayesoma gazeti lolote."

Wakabishana mpaka fenesi likaisha. Mama wa Masaki aliandika jioni kwamba kinanda cha umri huo, chenye mchwa mgongoni na kibonyezo kilichotobolewa, anaweza kukichukua kwa bei ambayo Mama aliisoma na kuifuta.

Fundi wa vigae alikuja siku ya pili na futi yake. Alipima, akagonga gonga, akatikisa kichwa. Vigae vya aina ile havipatikani tena Maili Moja. Itabidi sebule nzima ing'olewe. Alitaja gharama, akaomba nusu ya kuanzia, akauliza ankara aiandike kwa jina la nani, la mwenye kinanda ama la nani.

"Mdogo wangu," Mjomba alianza, "lile gazeti la Kiswidi nimelilalia usiku kucha. Nadhani nilikuonea. Kinanda ni chako."

"Aa, Kaka, usirudi nyuma," Mama alisema. "Namba imeshasema. Leipzig hiyo. Ni cha ukoo, na mkuu wa ukoo anajulikana."

Fundi alimtazama huyu, akamtazama yule, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Bibi, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake cha uji, ndiye aliyemjibu.

"Andika jina la marehemu. Ndiye aliyekileta."